Fahamu: Kwa nini raga ya kimataifa imejaa mipira ya juu

Mashabiki wengi wa raga wananung'unika: mbona mpira unapigwa hewani kila mara badala ya kukimbizwa mkononi? Chanzo kimojawapo ni waamuzi. Awali, mpira ukipaa, wenzake mdakaji walijikokota kurudi nyuma huku wakimzibia njia mpinzani anayeufuata. Tangu Novemba 2024, shirikisho la raga duniani, World Rugby, limetaka waamuzi wauadhibu uzibaji huo. Sasa mdakaji na mpinzani huyo hurukia mpira bega kwa bega, mara nyingi unaponyoka, na timu iliyopiga huweza kuupata tena mita nyingi mbele. Ikiukosa, angalau hatari imehamia mbali na mstari wake.

Wanaosema huo ni mchezo wa bahati nasibu wana hoja, ingawa kudaka mpira wa juu huku unagongwa ni ufundi adimu. Teke pia si lazima liwe la woga. Fainali ya Kombe la Dunia 2019, Afrika Kusini iliichapa England 32-12, na trai ya mchezaji wake Makazole Mapimpi ilitokana na teke fupi alilolipiga mwenyewe juu ya walinzi. Mwenzake Lukhanyo Am akauwahi mpira na kumrudishia.