Gitaa la Bei Nafuu Halijamalizwa

Katika miaka ya 1970 na 1980, mtu aliyeshuka Luthuli Avenue kuelekea River Road, Nairobi, alipita kwenye soko kuu la santuri, na magitaa ya benga yakimlilia masikioni. Zama hizo zimepita, lakini wapigaji hawakwisha. Kijana wa Kawangware au Kangemi leo aghalabu huanza na gitaa la umeme la bei nafuu, lililoundwa Uchina au Indonesia kwa sura ya Stratocaster, ambalo Fender walilitoa mwaka 1954. Sura ni ile ile. Akilipiga, nyuzi zinakwaruza, na wimbo mmoja haumaliziki kabla gitaa halijalegea.

Hapo wengi hukata tamaa, ama hukimbilia kununua kinasa sauti cha ghali. (Wao hukiita pikapu, si ile ya kubebea mizigo.) Mimi naona fedha hizo zimetangulia mahali pasipo pake. Gitaa hilo aghalabu si bovu, halijamalizwa. Mashine imekata mbao na kutoboa matundu barabara, lakini zile saa za mkono wa fundi, ambazo ndizo ghali, zimerukwa ili bei ishuke.

Sisi wa pwani tuliokulia kwenye udi tutalielewa jambo hili upesi. Shingo ya udi ni laini, haina kizuizi, na Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, aliitafuta sauti kwa ncha ya kidole chake. Gitaa lina freti, vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni. Freti ikikosea, kidole hakina la kufanya. Marehemu Fundi Konde, mzaliwa wa upande wa Kilifi mwaka 1924, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo nchini Kenya kupiga gitaa la umeme. Na tangu enzi zake hadi leo mpigaji amekuwa mateka wa vyuma hivyo.

Basi kazi huanzia hapo. Nyuzi hutolewa, na shingo hunyooshwa kwa kuzungusha chuma kilichomo ndani yake, robo mzunguko tu kwa mara moja, kwani anayekaza kwa pupa huweza kuikata. Vinasa hufunikwa kwa utepe wa karatasi, maana vina sumaku na vumbi la chuma likiingia humo halitoki. Kisha kila freti hupakwa wino mgongoni, na fundi hupitisha juu yake ubao ulionyooka uliobandikwa msasa. Wino ukifutika mapema, freti hiyo imeinuka, ukibaki, imezama. Huendelea taratibu hadi wino umeondoka kote, halafu hurudisha mviringo wa kila freti kwa tupa ndogo, moja baada ya moja, zote ishirini na moja au ishirini na mbili. Ni kazi ya siku nzima. Mpiga benga ndiye anayeihitaji zaidi, kwa kuwa solo yake hukaa karibu na tumbo la gitaa, ikidona nyuzi moja moja kwa kasi, na huko ndiko kasoro ndogo humeza sauti.

Kile kidaraja cha plastiki kilichoko juu ya shingo nacho hutolewa, kikawekwa cha mfupa wa ng'ombe. Nairobi mfupa si adimu, kuna wanaouchonga mapambo. Mifereji yake huchimbwa kwa subira. Ukizidisha unywele mmoja, uzi hugonga freti na mfupa hutupwa.

Halafu mizani. Katika gitaa la namna hii uzi una milimita 648, na freti ya kumi na mbili iko nusu yake, milimita 324. Sauti ya hapo haina budi iwe ile ile ya uzi mtupu, iliyopanda daraja nzima. Ikizidi, tandiko la uzi husogezwa nyuma kwa bisibisi. Mshairi hahitaji kuelezwa zaidi: mizani moja ikizidi, shairi zima limechechemea.

Ya umeme ni mepesi. Luthuli Avenue ingali na maduka ya vifaa vya elektroniki, na humo hupatikana vidhibiti sauti, waya na risasi ya kulehemu. Tumbo la gitaa likitandikwa karatasi ya shaba nyekundu iliyoungwa na waya wa ardhi, ule mngurumo wa umeme hupungua. Hayo yakiisha, atakaye anunue kinasa kipya. Huenda akaona hakihitaji.

Seremala wa kandokando ya Ngong Road anaweza kuunga kichwa kilichovunjika au kuziba tundu la skrubu, lakini msimpe freti.

Na anayelileta gitaa lake Mombasa asilistarehekee siku ya kwanza. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na hewa yake ni kavu. Mbao zilizosinyaa huko hufura zikifika kwetu, na shingo hupinda. Aliache siku kadhaa, ndipo azungushe chuma tena. Nyuzi azipanguse kwa kitambaa kikavu kila apigapo, kwani chumvi ya bahari huanza kuzila usiku ule ule.