Kuona ndani ya stenti bila kupitisha mrija hadi moyoni

Wako katika makanisa yetu ndugu waliotibiwa moyo India, Kampala au Nairobi, wakarudi na stenti. Kifua kikiuma kidogo, jamaa inaanza kufikiri shamba gani liuzwe ili mgonjwa arudi ng'ambo kupigwa picha na ile skaneri mpya. Basi, tumeona vema tueleze jambo lenyewe.

Stenti ni wavu wa chuma wenye umbo la mrija, unaowekwa ndani ya mshipa wa moyo uliosongwa. Jacques Puel aliweka ya kwanza katika mtu huko Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986. Nyingi zina upana wa milimita 2.5 hadi 4, na waya zake ni nyembamba karibu kama unywele. Baadaye nyama inaweza kuota ndani yake, au damu ikagandia humo.

Skaneri za kawaida zinahangaika hapo, kwa maana chuma kinavimba kwenye picha. Ni kama taa ya pikipiki inayokujia usiku: mwanga unatapakaa, humtambui dereva. Stenti yenye upana chini ya milimita 3 mara nyingi haisomeki, na daktari analazimika kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au kwenye kinena hadi moyoni.

Skaneri mpya inahesabu fotoni, yaani chembe za miale ya eksirei. Ile ya kawaida hugeuza miale kuwa mwanga kwanza, kisha umeme, na kupokea yote kwa jumla, kama shemasi anayekadiria sadaka kwa uzito wa kikapu. Hii mpya ni shemasi anayehesabu noti moja moja, akijua ipi ni ya franka 500 na ipi ya 20 000. Kila fotoni inageuzwa umeme moja kwa moja, na nguvu yake inapimwa. Tena vipokezi vyake havihitaji kuta katikati, kwa hiyo vimefanywa vidogo sana: picha inakatwa vipande vya milimita 0.2, ambapo za kawaida huishia karibu 0.5. Ya kwanza, NAEOTOM Alpha ya kampuni ya Siemens Healthineers, iliruhusiwa Marekani Septemba 2021.

Hata hivyo chuma bado kinavimba kidogo, moyo unaokwenda mbio unaharibu picha, na dawa ya iodini inayodungwa inadai figo zipimwe kwanza. Mashine ni ghali mno. Na mwenye stenti asiye na maumivu kwa kawaida haitaji picha hiyo, shamba libaki.

Kinachotuogopesha zaidi ni vidonge, aspirini na klopidogreli, ambavyo wengine wanaviacha baada ya mkesha wa maombi. Tunawaombea wagonjwa na tutaendelea, lakini hakuna mchungaji mwenye ruhusa ya kumwachisha mtu dawa hizo. Stenti mpya isiyo na vidonge inaweza kuzibwa na damu kwa ghafula, na hapo hakuna muda wa kutafuta skaneri yoyote. Kifua kikibana bila kuachia, pamoja na jasho baridi, mpelekeni hospitali iliyo karibu saa ile ile, hata usiku. Chukueni na karatasi ya stenti, inayoonyesha kipimo chake na tarehe iliyowekwa, pamoja na vidonge vyenyewe, daktari ataviuliza.