Kuachiliwa, Kufyonzwa, Kufika: Jinsi Maabara Inavyopima Safari ya Sumu Utumboni

Mwalimu wa isimu aandikapo juu ya utumbo, msomaji ana haki ya kushangaa. Kilichotusukuma ni neno moja. Katika tafsiri za makala za tiba, kitenzi «kunyonya» hubebeshwa mambo matatu: sumu kutoka katika chakula, sumu kupenya ukuta wa utumbo, na sumu kufika katika damu. Maabara huyapima mambo hayo kwa njia zisizo sawa. Neno likiyachanganya, matokeo nayo huchanganyika.

Tuchukue mfano wa kwetu, muhogo mchungu. Ndani yake mna linamarini, ambayo huweza kuzaa sianidi. Mwaka 1938 daktari Trolli alichapisha habari za ugonjwa wa Kwango uliopoozesha miguu ghafula; Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 juu ya Bandundu ulionyesha hatari ya kupunguza siku za kulowesha muhogo. Lakini kiasi kilichobaki katika unga si lazima kiwe sawa na kiasi kitakachomdhuru mla bukari.

Hatua ya kwanza huigwa katika chupa. Kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014, chakula huchanganywa na mate ya kutengenezwa kwa dakika 2, kisha na asidi pamoja na pepsini kwa saa 2, halafu na nyongo na vimeng'enya vya kongosho kwa saa 2 nyingine, yote katika joto la nyuzi 37. Sumu itakayoonekana katika majimaji ndiyo iliyoachiliwa. Hapo hakuna kilichofyonzwa bado, kwani utumbo wenyewe haumo.

Ili kupima kufyonzwa, hapana budi kuwe na ukuta. Mwaka 1954 Wilson na Wiseman walieleza njia ya kuchukua kipande cha utumbo mwembamba wa mnyama mdogo, kukigeuza ndani nje kama soksi, kukijaza majimaji kidogo na kukifunga ncha zote mbili. Mfuko huo hutumbukizwa katika maji yenye oksijeni na kitu kinachochunguzwa. Kinachopenya hukusanyika ndani, katika majimaji machache, hivyo hupimika kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba kipande hicho hakiishi muda mrefu.

Siku hizi hutumika sana seli ziitwazo Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana wa binadamu. Ajabu yake ni kwamba, zikikuzwa kwa siku 21 hivi juu ya utando wenye matundu madogo, hujipanga safu moja na kuota vinyweleo mfano wa zile za utumbo mwembamba. Sumu hutiwa upande wa juu, na majimaji ya chini huchotwa kila baada ya muda. Kabla ya hapo hupimwa ukinzani wa umeme wa safu hiyo: ukiwa mdogo, kuna mwanya kati ya seli, na sumu itapita kama maji katika chujio. Kipimo hicho kina faida nyingine. Zipo sumu zinazolegeza viungo vya seli zenyewe, kama vile deoksinivalenoli ya kuvu wa mahindi na ngano. Tena seli hizo zina pampu zinazorudisha baadhi ya sumu juu. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hupima pande zote mbili.

Hata hivyo safu hiyo haina bakteria, wala ute, wala damu inayopita. Kwa linamarini upungufu huo ni mkubwa. Sehemu yake hufyonzwa ikiwa nzima na kutoka katika mkojo bila kubadilika. Sehemu nyingine huvunjwa na bakteria wa utumbo, na hapo ndipo sianidi huzaliwa. Mwili huipunguza makali kwa msaada wa salfa itokayo katika protini, na mlaji asiyepata protini ya kutosha hubaki hatarini. Mambo hayo hayaonekani katika kisahani cha seli.

Ndiyo maana tunapendekeza «kuachiliwa» kwa jaribio la chupa na «kufyonzwa» kwa mfuko na seli. Kwa kinachofikia damu baada ya kupita ini, tumetumia «kufika», ingawa wenzetu wa kitivo cha tiba wanaliona neno hilo jepesi mno, na sisi wenyewe hatujaridhika nalo.