Ardhi ya Biliqo: Mwenye mali si mtunza amana

Biliqo, eneo la wafugaji katika Merti, Kaunti ya Isiolo, malisho ni ya wote wala hayana ua. Hata hivyo, hatima yake imo katika virai viwili vya Kiingereza cha sheria ambavyo msomaji wa haraka huvidhania kuwa kitu kimoja: ‘vest in’ na ‘held in trust’.

Kirai cha kwanza humtaja mwenye haki. Cha pili humtaja mtunzaji, yaani aliyekabidhiwa mali ya wengine kama amana, asiyeruhusiwa kuitumia kwa manufaa yake.

Katiba ya zamani, Kifungu cha 115, iliyapa mabaraza ya wilaya yote mawili. Haki ya ardhi ilikuwa mikononi mwa baraza, nalo likatakiwa kuishikilia kwa manufaa ya wakazi. Mfugaji alikuwa mnufaika tu.

Katiba ya 2010 ilivitenganisha virai hivyo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 63, haki ya ardhi ya jamii ni ya jamii yenyewe. Ile ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kaunti kuiuza, kuihamisha au kuigeuza iwe ya kibinafsi.

Kuna jozi nyingine inayotatanisha: ‘consultation’ na ‘consent’. La kwanza ni kushauriana. La pili ni kuridhia. Mtu aweza kuombwa maoni, akayatoa, kisha akakataa. Ndiyo maana sheria hiyo ya 2016 inasema mkataba wa jamii na mwekezaji si halali hadi uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano uliohudhuriwa na thuluthi mbili yao. Kutia sahihi orodha ya waliofika barazani si kuridhia.

Tofauti hizi si za darasani pekee. Januari 2025, katika kesi ya wakazi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo-Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, bila umma kushirikishwa ipasavyo.

Basi mkazi akiletewa waraka, yafaa aulize mambo matatu kabla ya kutia kidole: unasema ardhi ni ya nani, inashikiliwa na nani, na sahihi yake inathibitisha nini: kwamba alisikia, au kwamba alikubali?