DSLR ya zamani au kamera mpya ya kuvuta mbali: ipi inarudisha mtaji?

Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anayetafuta kamera, iwe ya kuuza au ya kufanyia kazi, mara nyingi huwekewa mezani aina mbili kwa fedha zinazokaribiana. Ya kwanza ni DSLR ya daraja la kuanzia, iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita, yenye lenzi inayofunguliwa na kubadilishwa. Ya pili ni ya miaka ya karibuni zaidi. Lenzi yake haitoki, lakini inavuta vitu vya mbali kiasi kwamba muuzaji akiielekeza kwenye bango la mtaa wa pili, mteja husoma maandishi yote na kutoa pochi. Hii ya pili huitwa briji, yaani daraja, kwa sababu imekaa kati ya kamera ndogo ya mfukoni na ile kubwa ya mtaalamu.

Wiki hii tunazipima aina hizo kwa mifano miwili ya kampuni moja, Canon, ili ubishi wa chapa usituchanganye. DSLR ni EOS 1100D, iliyotangazwa mwaka 2011. Briji ni PowerShot SX70 HS ya mwaka 2018. Katika soko la Marekani 1100D iliingia kwa karibu dola 600 pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, na SX70 HS iliingia kwa karibu dola 550. Kwa maneno mengine, zote mbili zilikusudiwa mnunuzi wa kipato kinachofanana. Zinatenganishwa na miaka saba na, zaidi ya hapo, namna kila moja inavyopokea mwanga.

Tuanze na tarakimu za kwenye boksi, maana ndizo zinazouza na ndizo zinazopotosha. Briji ina megapikseli 20.3, DSLR ina 12.2. Mteja wa kawaida atasema ya kwanza ni bora karibu mara mbili. Lakini picha ya inchi 4 kwa 6, ambayo ndiyo mkate wa studio nyingi, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 2 na ushei tu. Karatasi nzima ya A4 kwa kiwango hicho hicho inahitaji zisizofika 9. Mpiga picha wa harusi anayechapa albamu hana mahali pa kuzitumia megapikseli 20, na faili kubwa zinamjazia kadi ya kumbukumbu upesi.

Tarakimu ya pili ni ile ya zumu, mara 65. Wengi huielewa kuwa kitu kinasogezwa karibu mara 65 kuliko jicho linavyoona. Sivyo. Ni uwiano kati ya mwanzo na mwisho wa lenzi tu. Kwa kipimo cha kawaida cha filamu ya milimita 35, SX70 HS inaanzia 21 na kuishia 1365, na ukigawa unapata 65. Lenzi inayouzwa na 1100D ni mara 3 tu, na kwa kipimo hicho hicho inaanzia kama 29 na kuishia 88. Hapo hakuna ubishi: kwa kuvuta mbali, DSLR yenye lenzi ya kiwandani haimfikii mwenzake hata kidogo.

Tarakimu ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa ni ukubwa wa sensa, kile kibati ndani ya kamera kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Ya 1100D ina upana wa milimita 22.2 na kimo cha 14.7, sawa na milimita za mraba 326. Ya SX70 HS ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, yaani milimita za mraba 28 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara 11. Tena zile 28 zimegawanywa kwa nukta milioni 20, wakati 326 zimegawanywa kwa milioni 12, kwa hiyo kila nukta ya DSLR ina eneo la karibu mara 19 ya nukta ya briji. Ni sawa na kukinga mvua kwa beseni au kwa kifuniko cha soda. Mvua ikiwa kubwa vyote hujaa. Ikiwa manyunyu, beseni ndilo litakalokupa maji ya kutumia.

Mchana wa jua kali, basi, mteja hataona tofauti kubwa kati ya picha za kamera hizi mbili, na huenda akapenda zaidi za briji. Tofauti inajitokeza saa moja jioni ndani ya ukumbi. Hapo kamera hulazimika kukuza umeme wa sensa, kazi inayopimwa kwa ISO, na kadiri inavyokuza ndivyo chengachenga zinavyoingia kwenye picha, hasa kwenye ngozi na kwenye nguo nyeusi. Kiwanda chenyewe kimeizuia SX70 HS isivuke ISO 3200, ilhali 1100D, pamoja na uzee wake, inaruhusiwa hadi 6400. Sensa za miaka ya karibuni zimeboreshwa, hivyo pengo halisi ni dogo kuliko hesabu ya eneo peke yake, lakini halijafungwa.

Mwenye DSLR anaweza pia kuongeza lenzi. Canon ina lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi zake za bei nafuu kabisa. Kwenye umbali huo huo lenzi ya kiwandani inafunguka hadi f/5.6 hivi, kwa hiyo hii ndogo inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ndiyo inayotoa picha za bwana na bibi harusi zenye mandhari iliyofifia nyuma, ambazo wateja huzilipia. Briji haina njia ya kuongezewa kitu kama hicho. Lenzi yake inaanza na f/3.4 na ikivutwa hadi mwisho inabaki f/6.5, mwanga unaoingia ukiwa robo na kidogo tu ya ule wa mwanzo.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni flashi. Juu ya 1100D kuna kitako cha kuchomeka flashi ya nje, au kifaa cha kuwashia taa za studio kwa mbali. SX70 HS haina kitako hicho, ina flashi yake ndogo tu. Kwa mtu anayefungua kibanda cha picha za pasipoti saizi, au anayepokea tenda za maharusi na mahafali ya ndani, hilo peke yake linatosha kumaliza mjadala. Taa ndiyo nusu ya kazi yake, na kamera isiyowasha taa zake inamfanya awe mtazamaji.

Sasa upande wa pili, ambao wapiga picha wa studio huwa wanaudharau bila haki.

Chukua dereva wa utalii anayezunguka Serengeti au Ngorongoro, ambaye wageni wake wanataka picha ya chui aliyelala juu ya mti mbali na barabara, na gari haliruhusiwi kuacha njia. Mwenye DSLR atalazimika kununua lenzi ya pili. Ile ya bei nafuu ya Canon ni ya milimita 55 hadi 250, ambayo kwenye mwili wa 1100D inakuwa sawa na 400 kwa kipimo cha filamu. Akitaka kupata chui mwenye ukubwa ule ule ambao briji inampata kwenye 1365, itabidi aikate picha yake na kubakisha kipande cha katikati, na kipande hicho kitakuwa na megapikseli 1 tu. Ni picha ya kutuma kwa simu, si ya kuuza. Lenzi ya DSLR inayofika mbali kama briji kwa uhalisi inagharimu mara nyingi ya bei ya kamera hizi zote mbili, na uzito wake unataka stendi ya miguu mitatu. SX70 HS nzima ina uzito wa gramu 610 hivi. Kwa jua la mbugani, sensa yake ndogo inatosha.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayepiga ndege, au anayefuatilia mechi ya mpira wa mtaani mchana akiwa jukwaani. Briji inapiga hadi picha 10 kwa sekunde ikiwa imefunga umakini wake, au kama 5 na ushei ikiendelea kuutafuta. DSLR yetu inapiga 3.

Kwenye video pengo ni kubwa zaidi. 1100D inarekodi kwa kiwango cha 720, nayo haifuatilii umakini yenyewe mtu akitembea. SX70 HS inarekodi 4K, yenye nukta mara 9 ya hizo. Mtu anayetaka kuingia katika biashara ya video leo asinunue 1100D hata akipewa kwa bei ya kutupa. Kwa kazi hiyo imepitwa, na wateja wameshazoea ubora wa simu zao.

Na hapo ndipo kuna mshindani wa tatu. Simu nzuri za sasa zina sensa kubwa kuliko ya briji kwenye kamera yao kuu. Picha ya kundi la watu walio karibu, simu ya namna hiyo inaweza kuipiga vizuri kuliko SX70 HS. Briji inabaki na ubora wake pale simu inaposhindwa kuvuta. Mnunuzi ambaye hana kitu cha mbali cha kupiga hana sababu ya kununua briji, na muuzaji mwaminifu amwambie hivyo.

Tukija kwenye thamani ya mali, mwenye kuweka fedha zake kwenye kamera akumbuke kwamba soko lenyewe limesinyaa. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, kamera za dijitali milioni 121 zilisafirishwa kutoka viwandani mwaka 2010. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Ndani ya hizo chache, viwanda vimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na DSLR ni sehemu ndogo inayozidi kupungua. Miili ya DSLR ya daraja la kuanzia, kwa hiyo, haina sababu ya kupanda bei. Lakini lenzi ni habari nyingine. Mdomo wa EF wa Canon umekuwepo tangu 1987, na lenzi zake hukaa pia kwenye kamera mpya za kampuni hiyo kwa kutumia kiunganishi. Mwenye DSLR mwili wake ukifa hubaki na lenzi za kuuza au kuhamishia kwingine. Briji ikipata hitilafu ya lenzi, mali yote imelala.

Kwa wale wanaoagiza mzigo kutoka nje, majina yasiwachanganye. 1100D ndiyo hiyo hiyo iliyouzwa Marekani kwa jina la Rebel T3, na Japani kwa jina la Kiss X50. Anayelipia X50 akidhani ni toleo la juu ameuziwa jina. Mashine za soko la Japani ziwashwe kwanza na kukaguliwa lugha za menyu kabla ya fedha kutoka. Kwa upande wa vipuri, betri ya 1100D ni LP-E10, ambayo pia hutumika kwenye 1200D, 1300D, 2000D na 4000D, kwa hiyo dukani haikai sana. Ikijazwa, kwa kipimo cha kiwanda inapiga picha kama 700. Ya SX70 HS ni LP-E12, na kiwanda kinaahidi picha 325 hivi. Anayeuza briji aweke na betri ya pili kwenye bei.

Ukaguzi wa DSLR iliyotumika uanze na shata, ambayo ni chombo kinachofunguka na kufunga kwa kila picha na kinachochakaa. Kwenye 1100D idadi ya picha haionekani kwenye menyu, inabidi kamera iunganishwe na kompyuta yenye programu ya kusoma. Namba za majina ya faili zisiaminiwe, kwa kuwa zinaweza kuanzishwa upya. Kisha funga tundu la lenzi hadi f/16 na upige picha ya anga au ukuta mweupe, madoa yatakayoonekana ni vumbi juu ya sensa. 1100D haina kifaa cha kujisafisha, na kusafishwa na fundi ni gharama ya kukata kwenye bei. Mwisho toa lenzi na uimulike kwa tochi. Katika miji ya pwani kuvu huota ndani ya vioo na kuonekana kama utando wa buibui, na lenzi ya namna hiyo isichanganywe na nyingine kwenye sanduku moja.

Kwa briji, kazi ni kuitoa na kuirudisha lenzi mara kadhaa, kutoka mwanzo hadi mwisho, ukisikiliza. Mlio wa kukwaruza ni mchanga. Ikisita nusu njia, au ikileta ujumbe wa hitilafu ya lenzi, iache hapo hapo hata kama bei imeshuka nusu, kwa sababu kuifungua na kuisafisha kunaweza kula zaidi ya faida yako yote. Halafu piga picha moja ya mbali kabisa ukiwa umesimama nje ya duka, si ndani ambako muuzaji amepanga taa zake, na uitazame kwenye kompyuta kabla ya kulipa.