Altrasaundi Inayopitia Kooni Pafu Likipandikizwa

Ukitaja altrasaundi, wengi wetu twafikiria mama mjamzito na jeli ya baridi tumboni. Mimi pia nilikuwa hivyo, hadi niliposoma habari za upandikizaji wa mapafu.

Pafu jipya huungwa mahali patatu: bomba la hewa, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na mishipa inayoirudisha. Mshono wa hiyo ya kurudisha ndio wanaouchunga sana. Ukibana, au mshipa ukijipinda, damu huingia pafuni ikakosa pa kutokea. Pafu hujaa maji. Damu ikiganda hapo, bonge laweza kuchomoka likafika hadi kwenye ubongo.

Basi mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa dawa, hupitishwa kifaa chembamba cha altrasaundi kooni mpaka kwenye umio. Kwa nini huko? Kifua kimefunguliwa, na mawimbi hayo hayapenyi vizuri kwenye hewa. Umio nao umepita nyuma ya moyo, jirani kabisa na mishipa hiyo.

Kinachopimwa ni kasi. Ukibinya mdomo wa mpira wa maji, maji huruka kwa nguvu. Damu nayo ikizidi kama mita 1 kwa sekunde, daktari hushuku pamebana. Hushuku tu, maana pafu moja likibeba damu nyingi kuliko jenziwe, kasi hupanda hata kama mshono ni salama. Wakithibitisha, mshono hufumuliwa ukashonwa upya kabla kifua hakijafungwa.