Fahamu: Akiba ya uzeeni kwa aendaye Msumbiji kwa muda

Wazee wa Songea walioajiriwa na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge iliyoasisiwa 1944, kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, walirejea bila mfuko wa kuwaauni uzeeni, kwani mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi ulianza 1964. Leo kijana avukaye Ruvuma kwa mkataba wa miaka miwili Msumbiji, ambako mwajiri huchangia mfuko wa huko asilimia 4 ya mshahara na mfanyakazi 3, hana budi kujua kwamba NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa nyumbani Tanzania, upokeao asilimia 20, hutaka michango ya miezi 180 ili pensheni ipatikane. Na miezi 24 iliyokatika ni pengo zito. Basi kabla ya safari aiulize ofisi ya NSSF habari za uchangiaji wa hiari, na ahifadhi kila hati ya mshahara.